Kuchagua na kuzalisha mahindi yanayostahimili funza wa mabua: mwongozo kwa anayeanza

"Nikichukua mbegu kwenye mabua ambayo hayakutobolewa, si nitapata mahindi sugu?" Swali hili huanza kuja mahindi yanapofika magotini na halikomi hadi mavuno. Wanaouliza ni wakulima wa vikundi, wanafunzi wa kilimo walio mazoezini, hata maofisa ugani wapya. Basi nimeona niandike mara moja.

Hapana, hutapata. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga vitambaa vyekundu kwenye mihindi 40 iliyokuwa safi kabisa, majani hayana hata tundu. Msimu uliofuata nikapanda mbegu zake kwa mbwembwe, na zikaliwa sawasawa na za jirani. Niliporudi kwenye daftari nikaona kwamba karibu yote 40 ilikuwa mimea ya kurudishia, iliyoota wiki mbili baada ya wenzake. Nondo, ambao ndio wazazi wa funza hawa, walipokuja kutaga ilikuwa bado midogo mno, wakaipita. Mhindi uliorukwa na nondo si mhindi sugu, na karibu kila hatua utakayosoma hapa chini ipo kwa ajili ya kutofautisha hao wawili.

Mfano wangu ni wa ukanda wa chini wa Morogoro, ambako funza mkuu ni Chilo partellus: ana rangi ya maziwa, madoa meusi yaliyopangika mgongoni na kichwa cha kahawia. Huyu ni mgeni kutoka Asia, aliingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukiwa nyanda za juu, tuseme Mbeya au Njombe, mwenyeji wako ni Busseola fusca, asiye na madoa yale. Utaratibu ni uleule, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Na kabla hujauliza: hii si GMO. Mahindi ya Bt yamewekewa jeni kutoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis, kazi ya maabara. Sisi hapa tunachagua kilichomo tayari ndani ya mahindi. Ni njia ileile ambayo CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya Kenya, wakati huo ikiitwa KARI, waliitumia kwa upande mmoja wa mradi wa IRMA, wa mahindi yanayostahimili wadudu, ulioanza 1999, majaribio yakifanyika Kiboko, Makueni. Wao walikuwa na maabara ya kufugia funza. Wewe utakuwa na ndoo.

Andaa haya kwanza

- Mbegu ya kuanzia: kompositi, kwa maana ya mbegu inayochavuka huria, kama Staha, TMV-1, Situka au Kilima. Kenya wapo wenye Coast Composite na Katumani. Mbegu ya kienyeji ya bibi yako inafaa pia, na mara nyingine ndiyo yenye utofauti mwingi zaidi. Usianze na chotara ya dukani. Kizazi chake cha pili hushuka mavuno, nawe utashindwa kujua kilichopungua ni nini.
- Shamba la kama nusu eka kwa msimu wa kwanza, na mita za mraba 700 hivi kwa msimu wa pili.
- Misimu mitatu kwa mzunguko mmoja. Penye vuli na masika ni mwaka mmoja na nusu. Penye msimu mmoja ni miaka mitatu, labda uwe na maji ya kumwagilia.
- Ndoo mbili za plastiki, chandarua, pamba, karatasi yenye nta, brashi laini ya rangi ya maji, rula ya sm 30, kisu kikali, mizani ya jikoni.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino ikinyeshewa umepoteza msimu.
- Ruhusa ya majirani. Utafuga wadudu na kuwaweka shambani kwa makusudi, kwa hiyo waambie mapema kuliko wasikie kwa watu.

Hatua ya 1: Chagua mahindi 80 kwa viboksi (msimu wa kwanza)

Panda mbegu yako nusu eka, shimo moja mmea mmoja baada ya kupunguza, nafasi sm 75 kwa 30. Usipige dawa yoyote. Gawa shamba kwa kamba kuwa viboksi 80 vya mita 5 kwa 5. Kila kiboksi kitatoa hindi moja tu.

Viboksi vina maana kubwa. Ukizunguka shamba zima ukiokota mazuri, utajikuta umechagua upande wenye mboji. Ukilinganisha ndani ya kiboksi, mimea yote iko kwenye udongo ule ule.

Unatafuta mmea ulioguswa. Angalia majani: yawe na vitundu au madirisha ya kulambwa, ushahidi kwamba funza alifika. Kisha bua liwe limesimama, na hindi limejaa hadi ncha. Mmea wa namna hiyo umeshapambana. Ulio safi kabisa huna habari zake. Acha mistari miwili ya pembeni, acha mimea ya kurudishia, acha pia mmea uliokua peke yake kwa sababu wenzake walikufa. Huo umenenepa kwa kukosa majirani.

Hatua ya 2: Gawa mbegu za kila hindi mara mbili

Pukuchua kila hindi peke yake. Mbegu za hindi moja sasa zinaitwa familia. Zipe namba, 1 hadi 80, andika juu ya bahasha na kwenye kijikaratasi ndani ya bahasha. Toa punje 70 kwa majaribio, zinazobaki zirudi ghalani.

Hapa ndipo wengi huharibu. Hupanda zote, wakagundua familia bora ikiwa imeshachavushwa na takataka zote za shambani. Mbegu za ghalani ndizo utakazotumia msimu wa tatu. Za shambani ni za kupimia tu. Zikaushe vizuri, unyevu usizidi asilimia 13, uziweke kwenye chupa zisizopitisha hewa. Dumuzi, yule tunayemwita Skania, hana habari kwamba hizo ni mbegu za utafiti.

Hatua ya 3: Panda majaribio (msimu wa pili)

Kila familia ipate mstari mmoja wa mita 5 katika kipande A cha shamba na mwingine katika kipande B. Mashimo 17, punje mbili kila shimo, baadaye punguza ubaki mmoja. Jumla ni mistari 160.

Mpangilio wa familia katika kila kipande upigwe kura. Andika namba kwenye vikaratasi, changanya kofiani, chomoa. Usipange 1 hadi 80 kwa mfuatano katika vipande vyote viwili.

Baada ya kila mistari 10 weka mstari wa kulinganishia: mbegu ya dukani unayoijua kwamba funza huifyeka. Mistari hiyo ndiyo itakayokwambia kama jaribio lilifanya kazi. Weka pia mstari mmoja au miwili ya mbegu yako ya mwanzo, ile uliyoanzia kabla ya kuchagua chochote, na uzungushie shamba mistari miwili ya kinga.

Hatua ya 4: Fuga nondo

Hii ndiyo kazi inayotisha watu, na kwa kweli ni ndogo kuliko kupalilia. Anza wiki moja kabla ya kupanda au kwenye juma la kupanda, kutegemea utawapata lini.

Tafuta mabua ya mahindi au mtama yaliyotobolewa kwenye shamba lako au la jirani. Yapasue kwa urefu. Unataka pupa, vile vidude vya kahawia visivyotembea. Funza wakubwa waweke kwenye vipande vibichi vya bua ndani ya ndoo ya kwanza, watageuka pupa humo. Kusanya kama 250, maana wengine watakufa na nusu ya watakaobaki ni madume.

Ndoo ya pili weka mchanga wenye unyevu kidogo chini, pupa juu yake, chandarua mdomoni, pamba iliyoloweshwa maji kwa ajili ya nondo kunywa. Ning'iniza vipande vya karatasi yenye nta vilivyokunjwa kama feni. Nondo hupandana usiku na Chilo hutaga kwenye karatasi hiyo: mayai bapa yaliyopandana kama magamba ya samaki, rangi ya krimu. Busseola yeye hupenda kutaga nyuma ya ala ya jani, kwa hiyo mviringishie karatasi iwe vibomba vyembamba, ajipenyeze.

Simamisha ndoo juu ya meza, na kila mguu wa meza uwe ndani ya kopo la maji. Sisimizi wamewahi kunimalizia mayai ya siku tatu kati ya saa nne usiku na alfajiri.

Kata karatasi zenye mayai kila asubuhi, andika tarehe. Siku ya nne au ya tano kila yai litaonyesha kidoti cheusi, ndicho kichwa cha kiwavi. Maana yake ataanguliwa leo au kesho. Lakini yai likiwa jeusi lote, limeliwa na nyigu wa mayai. Litupe nje, akaendelee na kazi yake shambani kwingine.

*Onyo.* Tumia wadudu wa eneo lako pekee. Usibebe nondo kutoka mkoa mwingine wala kuvuka nao mpaka, hata kama mtafiti rafiki yako anakuahidi kwamba wake ni "wakali". Kuhamisha wadudu waharibifu kunahitaji kibali, na Chilo mwenyewe ni mfano tosha wa mgeni aliyekataa kuondoka.

Hatua ya 5: Weka viwavi kwenye mimea

Mahindi yakiwa na wiki tatu hivi tangu kuota, majani sita hadi manane, moyo, yaani pale katikati majani machanga yanapochomoza, umekuwa kama kikombe kirefu. Chagua mimea mitano mfululizo katikati ya kila mstari, ifunge uzi.

Kata vipande vya karatasi vyenye mayai ya vidoti vyeusi 10 hadi 15, dondosha kipande kimoja ndani ya moyo wa kila mmea. Kama wameshaanguliwa, wahamishe kwa brashi. Fanya jioni jua likishapoa. Mvua ikiwa inanukia, ahirisha. Maji yakijaa kwenye moyo viwavi huzama, nawe utaandika "sugu" kwa mmea uliookolewa na mvua.

Kipande A kimalizike siku moja, chote. Kipande B kinaweza kungoja kundi lijalo la mayai, siku mbili tatu baadaye, ila nacho kikianza kimalizike siku hiyo hiyo. Ukiishia nusu ya kipande, nusu hizo mbili hazilinganishiki.

Kama kufuga kumekushinda kabisa, panda jaribio wiki tatu baada ya wenzako wote, na uzungushie mtama uliotangulia kuota. Nondo wa eneo zima watakufuata. Haitakuwa sawasawa kama kuweka kwa mkono, kwa hiyo ongeza kipande cha tatu.

Hatua ya 6: Pima majani

Wiki mbili baada ya kuweka viwavi, toa alama 1 hadi 9 kwa kila mmea wenye uzi. Kipimo hiki walianza nacho watafiti wa Marekani zamani, nasi tunakitumia hivi:

1: hakuna kitu, au vitundu vya sindano vichache.
3: vitundu vidogo kwenye majani machache.
5: michirizi iliyorefuka kwenye majani kadhaa.
7: michirizi mirefu kwenye zaidi ya nusu ya majani.
9: majani karibu yote yameraruka, mmea umedumaa au moyo umekauka. Ukivuta moyo, unatoka mkononi na harufu ya kuoza.

Mtu mmoja apime kipande kizima, mwingine aandike. Anayepima asijue namba ya familia. Ukijua kwamba familia ya 23 ndiyo uliyoipenda tangu msimu uliopita, jicho litaipendelea bila wewe kutaka.

Angalia mistari ya kulinganishia kabla hujashangilia lolote. Ikiwa na wastani wa 6 au 7, shinikizo limetosha. Ikiwa na 3, viwavi walikufa na jaribio halina thamani, hata kama familia zako zinang'aa.

Hatua ya 7: Pasua mabua

Usiishie kwenye majani. Kuna mahindi ambayo majani yake hayapendwi lakini bua ni laini kama muwa, na kinyume chake. Kinachomwangusha mkulima ni bua.

Wakati wa kuvuna, kwa ile mimea mitano: hesabu matundu ya kutokea nje, pima urefu wa bua, kisha lipasue kwa kisu toka chini hadi juu. Pima kila njia ya funza ndani na ujumlishe. Bua la sm 190 lenye njia tatu za sm 8, 5 na 6 lina jumla ya sm 19, yaani asilimia 10 ya bua imeliwa. Andika asilimia hiyo, kwa sababu sm 19 kwenye bua fupi ni msiba. Kisha pima uzito wa hindi.

Bua bichi kidogo hupasuka vizuri kuliko lililokauka kabisa. Glavu ya mkono wa kushoto si anasa. Kovu la kidole changu gumba ni la hatua hii.

Hatua ya 8: Chuja hadi familia 15

Tafuta wastani wa kila familia kwa alama ya majani, asilimia ya bua na uzito. Panga familia kwa kila kipimo: bora kabisa ipate nafasi ya 1, ya mwisho 80. Jumlisha nafasi tatu. Familia yenye nafasi 6, 11 na 20 ina 37. Yenye 2, 3 na 74 ina 79, ingawa kwa funza ni hodari sana. Ndivyo inavyotakiwa, maana hakuna atakayepanda mahindi sugu yasiyozaa.

Kisha linganisha vipande viwili. Familia iliyopata alama ya majani 3 kwenye A na 8 kwenye B iondoe, hata kama wastani wake si mbaya. Moja ya alama hizo mbili ni bahati, na huwezi kujua ni ipi.

Chukua 15 za juu. Usichukue tatu. Najua zinavutia, lakini baada ya mizunguko miwili utakuwa unaozesha ndugu kwa ndugu, na mahindi yatafupika na kudhoofu.

Hatua ya 9: Zikutanishe (msimu wa tatu)

Sasa toa mbegu za ghalani za familia 15. Kila moja ipate mstari wake, huo ni wa kike. Baada ya kila mistari miwili ya kike weka mstari wa kiume, uliopandwa mchanganyiko wa idadi sawa ya punje kutoka familia zote. Nusu ya mistari ya kiume ipande siku hiyo, nusu siku tano baadaye, chavua isikatike mapema.

Shamba hili liwe mbali na mahindi mengine angalau mita 300, au lipishane nayo kuota kwa wiki nne. Hapa dawa ya wadudu unaweza kutumia. Hupimi kitu, unazalisha.

Ng'oa mbelewele zote (maua dume ya kileleni) za mistari ya kike kabla hazijafunguka. Pita kila asubuhi kwa siku kumi hadi kumi na nne, usiruke Jumapili. Mbelewele moja iliyosahauliwa hujichavusha yenyewe na wenzake.

Vuna mahindi matano au sita mazuri katika kila mstari wa kike. Hayo ndiyo familia zako mpya kama 80, na unarudi hatua ya 2. Kinachobaki changanya, kipande kama mbegu yako ya kawaida. Kukiuza kama mbegu ni jambo jingine, unapita kwanza kwa taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu: Tanzania TOSCI, Kenya KEPHIS.

Mambo yakienda kombo

*Majani yameraruka kabla sijaweka viwavi.* Huenda ni kiwavijeshi vamizi, aliyeko kwetu tangu 2017. Tazama kichwa: ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba. Huacha kinyesi kingi kama vumbi la mbao ndani ya moyo. Mtoe kwa mkono mara mbili kwa wiki hadi siku ya kuweka viwavi. Ukipiga dawa, viwavi wako nao watakufa.

*Funza au pupa wanatoa nyigu badala ya nondo.* Ni maadui wa asili wa funza. Hawakusaidii ndoani, lakini usiwaue. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilimwachia mmoja wao, Cotesia flavipes, mashambani Kenya mwaka 1993 kwa kusudi la kumdhibiti Chilo. Fungua chandarua nje, kisha kusanya pupa wengine.

*Familia zote zina alama 8 na 9.* Umezidisha viwavi, au uliwaweka mimea ikiwa michanga mno. Punguza hadi 8 kwa mmea, subiri jani la saba.

*Familia bora zote zinachelewa kukomaa.* Hutokea. Andika tarehe ya ndevu kutoka kwa kila mstari, na usiruhusu familia iliyochelewa zaidi ya siku tano kuliko mbegu ya mwanzo kuingia kwenye 15.

*Jirani analalamika funza wamezidi.* Ana haki. Mabua ya jaribio yasilale shambani, kwani funza hujificha humo hadi mvua zijazo. Yalishe ng'ombe au uyaanike yametandazwa juani wiki kadhaa mpaka yakauke kabisa.

*Mzunguko wa kwanza umeisha, bado wanatobolewa.* Watatobolewa. Ustahimilivu huu hubebwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na hautafanana na dawa. Kama unataka kujua umesogea kiasi gani, usilinganishe mwaka huu na mwaka jana, kwa kuwa funza wa mwaka jana hawakuwa hawa. Linganisha mbegu mpya na ile mistari ya mbegu ya mwanzo, bega kwa bega, viwavi wa ndoo moja. Mimi ya kwangu naiweka kwenye chupa ya soda, kifuniko kimepakwa nta, na watoto wamekatazwa kuigusa tangu siku walipoikaanga bisi.